Senti ya Baba imeoshwa

Jamani, sarafu ya zamani haioshwi. Haioshwi!

Marehemu Baba alikuwa na senti moja ya Marekani, ya shaba, ya miaka zaidi ya mia mbili. Rangi yake kama tende. Alipewa na mgeni alipokuwa akifanya kazi hotelini, hapa Diani. Kila Ijumaa aliitazama kwa lenzi, akiishika ukingoni tu jasho la vidole lisiiharibu, akisema, "Iko siku atakuja mjuzi wa sarafu aipime daraja yake."

Leo mjuzi amekuja. Na leo ndiyo arobaini ya Baba.

Nikafungua kikopo cha senti mbele yake.

Senti inang'aa kama sinia la harusi!

Mjuzi akaigeuza mara moja tu, akairudisha. "Imesuguliwa. Rangi yake ya kale imetoka, haipimiki tena. Pole sana."

Nikatoka uani nikifoka, "Nani ameigusa senti ya Baba?"

Shangazi Mwanasha, dada yake Baba, akainua kichwa. Tangu alfajiri anasugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu, watu wa hitima wasikute uchafu. Vidole vimemchubuka.

"Ni mimi, mwanangu. Ilikuwa nyeusi, nikaona haya. Kitu cha kaka yangu, watu wakione vile?"

Wallahi nilikuwa na maneno. Nikavitazama vile vidole.

"Imetakata, shangazi."

Akarudi kwenye masinia yake.

Nyinyi mngemwambia nini? Semeni kweli.

Mimi nimeingia chumbani mwa Baba, nikaifumbata senti kwa kiganja kizima. Hakuna tena cha kuharibu.