Uzi wa Kijani Chini ya Kola

Kwa karibu miaka miwili, kila asubuhi ya shule mezani kwangu kulikuwa na vikombe vitatu. Kimoja changu, kimoja cha binti yangu, na cha tatu, kilichovunjika mkono, cha mtoto wa jirani. Mama yake alikuwa akivuka mpaka kwenda Goma kuuza karoti na vitunguu, na ilimbidi awe kwenye foleni ya kituo cha mpakani, Grande Barrière, mapema, watu wengine wakiwa bado wanajinyoosha kitandani. Kwa hiyo alimleta mtoto kwangu akiwa ameshavaa sare, akagonga mara mbili, akasema, "Kaka, mutoto iko hapa," halafu akashuka na kikapu chake kichwani. Mtoto aliingia, akanywa chai ya maziwa na kipande cha mkate, kisha wasichana wawili wakaondoka pamoja.

Hatukuwahi kukaa chini tukapanga jambo hilo. Lilianza tu siku moja ya mvua, likaendelea. Jioni mama yake akirudi aliniletea chochote alichopata: kipande cha sabuni, sindano za cherehani, siku nyingine ndizi mbivu mbili. Mimi nilimkunjia pindo la kitenge cha kufunikia kikapu. Tulisimama mlangoni tukasema maneno mawili matatu kuhusu mvua na urefu wa foleni, naye akaenda kupika. Tangu mke wangu afariki, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote ya siku. Wateja nao huongea, lakini wateja wangu huongea habari za mikono ya mashati.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko, na nilirudi hapa Rwanda nikiwa mtu mzima. Kinyarwanda changu kinakwamakwama, na Kiswahili changu watu wa Gisenyi hukicheka, wanasema ni cha redioni. Nina tabia moja ambayo imeniponza mara nyingi: napenda mambo yawe sawasawa. Mtu akiruka foleni namrudisha nyuma, hata kama foleni ni ya kuchota maji na mimi sina ndoo. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitatoa tepu niupime mlango kwanza.

Basi kamati ya wazazi ikaanzisha uji wa asubuhi shuleni. Watoto wengi walikuwa wakifika bila kitu tumboni, hasa wale ambao mama zao huvuka mpaka alfajiri. Waliamua kwamba mzazi mwenye uwezo atalipa, na asiye na uwezo mtoto wake ataandikwa kwenye orodha ya bure. Shida ikawa kwa mpishi. Angewezaje kupekua daftari huku watoto mia wamemzunguka na vikombe? Wengine walitaka wanaolipa wavae kadi shingoni. Mimi nikasema hapana, kadi itawaaibisha wasio nayo. Nikapendekeza uzi wa kijani, mishono mitano tu, chini ya kola upande wa nyuma. Aliyelipiwa atakuwa nao, na wa bure atakuwa nao, uzi uleule. Mpishi atainua kola, ataona kijani, atamimina. Nilijitolea kushona mwenyewe bila malipo.

Walinipigia makofi. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo. Kwa wiki nzima nilishona kola za watoto nikiimba.

Jumapili jioni jirani yangu alikuja kuchukua shati la mwanawe. Jina la mtoto lilikuwa kwenye orodha ya bure. Aliugeuza ukosi, akautazama uzi, akacheka kwa furaha.

"Kaka, sasa utapumuzika," alisema. "Mutoto atakunywa kule ku masomo. Tulikusumbua sana."

Nikamwambia hakuna usumbufu, Mungu ni mwema. Usoni nilicheka, moyoni nilisononeka.

Kesho yake kikombe cha mkono uliovunjika kilikaa kikavu. Siku ya tatu binti yangu naye, ambaye nilikuwa nimemlipia, alisema anataka kuwahi ili akae karibu na mwenzake kwenye uji. Nikamruhusu, ningemwambia nini? Nikabaki na chupa ya chai ya watu watatu na mkate mzima. Redio ilizungumza nami kwa fadhili, lakini redio huzungumza na kila mtu.

Jioni za mwanzo jirani bado alipita kusalimia. Kisha akawa anapita siku moja moja. Hakuwa na ubaya wowote. Hakukuwa tena na kitu cha kunirudishia, na mtu wa heshima haji mlangoni mwa mjane mwanamume bila sababu. Mimi nililijua hilo. Hata hivyo nilianza kukasirika, na kwa kuwa sikuweza kujiambia nakasirikia nini, nilitafuta sababu ya kisomi zaidi. Nikaanza kukitazama kikapu chake. Kila alfajiri kilipita mbele ya dirisha langu kimejaa, kimefunikwa kwa kitenge nilichokishona mimi, na yeye shingo imenyooka chini yake. Nikasema moyoni: kumbe! Mimi ninayekodolea sindano mpaka macho yanauma nalipa. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, analipa. Mwenye biashara ya kila siku mwanawe anakunywa bure. Haki iko wapi?

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi moja baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, sote tukiwa na udongo kwenye viatu, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Jirani yangu hakuwepo, alikuwa ng'ambo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu orodha. Mimi nikasimama.

Nilisema kwa Kiswahili changu cha redioni, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilisema kwamba kuna watu tunawaona kwa macho yetu wakivuka mpaka na vikapu vimejaa, na watoto wao wako kwenye orodha ya bure, na sisi wengine tunajinyima ili tulipe. Sikutaja mtu. Lakini mtaa wetu ni mdogo, na niliongeza kwamba kikapu ninachokisema kinapita dirishani kwangu kila siku. Nyuma mwanamke mmoja akasema, "Eeh, fundi anasema kweli." Wengine wakaitikia. Mwenyekiti akachukua kalamu akafuta jina. Haikuchukua muda mrefu kuliko kukata uzi.

Jumamosi iliyofuata yule mtoto alikuja peke yake, amekunja shati lake vizuri mikononi.

"Mwalimu amesema utoe uzi," aliniambia.

Nilichukua wembe. Mishono mitano ni midogo, lakini nilijitahidi nisitoboe kitambaa, na yeye alisimama akiangalia mikono yangu. Nilipomaliza, vipande vya kijani vilibaki mezani kati yetu. Nikamwambia, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida, kwamba Jumatatu aje kunywa chai kama zamani, kikombe chake kipo.

Akainamisha kichwa kwa adabu. "Asante, papa. Nitakuwa nimekula."

Huku kwetu mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa kama ana njaa husema ameshakula. Mimi nilijua hivyo kama mzazi yeyote anavyojua. Ila huyu alikuwa akinijibu kuhusu Jumatatu ambayo ilikuwa bado haijafika.

Hapo ndipo nilipojitambua. Sikuwa nimesimama kwenye mkutano kwa ajili ya haki. Nilisimama kwa sababu nilimtaka yule mtoto arudi mezani kwangu, na mama yake arudi kugonga mara mbili. Nilidhani nikimwondolea uji atakosa pa kwenda ila kwangu. Mtu mzima mwenye mvi nilifanya hivyo, tena kwa mtoto.

Siku chache baadaye mteja mmoja, mama anayevuka mpaka naye, alileta sketi ya kupanuliwa kiuno. Nilimuuliza juujuu kama biashara ya karoti inaendelea vizuri ng'ambo. Alielewa ninamuulizia nani.

"Ule mama?" alisema. "Karoti yake yote ilioza ile wakati mupaka ilifungwa. Hana tena kitu. Anabebaka tu mizigo ya watu, jioni wanamupatia kidogo ya kula. We ulikuwa hujue?"

Sikujua. Nilikuwa nimesahau kuwa mzigo hauna jina la mwenyewe juu yake. Kila siku nilikitazama kitenge changu na pindo langu zuri, sikutazama chini yake.

Nilikwenda kwake jioni hiyohiyo. Ni hatua ishirini hivi, lakini nilizipiga kama mtu anayekwenda Rugerero kwa miguu. Alifungua mlango, akasimama katikati yake. Ndani nilisikia sufuria ikichemka. Hakusema karibu.

"Bonsoir, monsieur," alisema.

Miaka yote aliniita kaka. Nilisikia lile "monsieur", neno la kumwita mtu baki, likikaa kati yetu, nikaanza kubabaika. Nikamwambia sikujua, nilidhani kikapu ni chake.

"Kikapu ni ya mutu. Mi nabeba tu."

"Ungeniambia," nilisema, na papo hapo nikajutia.

"Ungeniuliza. Nilikuwa napita ku dirisha yako kila siku."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitamlipia mtoto uji mpaka mwisho wa mwaka, na mwaka unaofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Hapana, monsieur. Mutoto yangu hatakunywa uji ya mutu mwenye alimusema mama yake mbele ya watu."

Aliufunga mlango polepole. Ningefurahi kama angeubamiza.

Nilimwendea mwenyekiti. Akanisikiliza huku akitafuta funguo zake mfukoni. "Bon, fundi, we mwenyewe ulisimama," alisema. "Orodha ilishaenda. Tutaangalia tena trimestre ingine." Nilimwambia muhula ujao ni mbali, na kwamba nilikosea. Akasema wote tulikosea, basi, lakini orodha ni orodha. Nikakumbuka kwamba maneno hayo mimi huyasema mara nyingi.

Nyumbani mambo yakawa kimya. Binti yangu aliacha kunisimulia habari za shule. Nilimuuliza mwenzake anakula nini asubuhi, akasema hajui, akaondoka kwenda kufagia ua ambao alikuwa ameshaufagia. Alianza kuchelewa kulala Jumapili, akijifanya anatafuta daftari kwenye meza yangu ya kazi. Sikumfuatilia. Nilikuwa nimechoka kuwafuatilia watu.

Asubuhi moja nilikuwa napeleka mzigo wa sare dukani, nikamkuta yule mtoto njiani, karibu na ukuta wa mawe meusi kabla ya kufika shuleni. Alikuwa ameinama anafunga kiatu. Kola ilikuwa imesimama nyuma, na chini yake kulikuwa na kijani. Mishono saba, si mitano, mingine mirefu mingine mifupi, na mwishoni fundo kubwa kama punje ya mahindi. Fundo lile nalifahamu. Nimemwambia binti yangu mara elfu kwamba fundo halikai nje, naye hunijibu kwamba likikaa ndani halionekani kama limefungwa.

Mtoto aliinuka akaniona. Mkono wake ukaruka nyuma ya shingo, ukaifunika kola kwa kiganja chote. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Tulilipa," alisema. "Papa, tulilipa."

Sikuwa nimefungua mdomo. Mtoto huyu alikunywa chai mezani kwangu miaka miwili, alilala kwenye mkeka wangu siku mama yake alipochelewa ng'ambo, na sasa alinitazama mimi kama watu wanavyomtazama askari wa forodha. Nilitaka kuchutama nimwambie yote, lakini niliona nikimsogelea atakimbia.

"Najua," nilimwambia. "Kimbia, uji usipoe."

Alikimbia bila kuondoa mkono shingoni.

Sijawahi kumwuliza binti yangu lolote kuhusu mishono ile. Siku ileile niliitoa bobini ya uzi wa kijani kwenye rafu ya juu, ambako binti yangu alilazimika kupanda kiti, nikaiweka chini, kando ya mkasi mdogo. Shati hufuliwa kila Jumamosi na mishono ile ni dhaifu, kwa hiyo kila wiki lazima ishonwe upya. Jumatatu watu wote wakishaondoka namimina chai yangu, kikombe kimoja, na kabla sijakaa naitazama bobini. Ikiwa imepungua, ndipo nanywa.