Mwalimu Anatole na Tanuru ya Adolphine

Mwalimu Anatole wa muji ya Baraka, mu Kongo, alikuwa muntu wa kupiga hesabu hata ya supu. Mwaka 1999 vita ikafunga masomo, akabakia na chaki sanduku mbili, bila mwanafunzi hata mumoja. Muntu kama ule ni hatari kwa majirani wa quartier.

Jirani yake, mama Adolphine, nyumba yake ilichomwa. Akafyatua tofali elfu tatu, akazipanga kuwa tanuru ya kuzichoma. Shida ilikuwa kuni. Kukata mulimani haiwezekani, kule bunduki ndiyo inakuuliza unatoka wapi. Alikuwa na kuni za kuchoma mara moja tu. Akizima moto mapema, tofali za katikati zinabakia mbichi, na mvua inakunywa nyumba.

"Usiogope, mama, mi nitakuhesabia siku."

Anatole akachora tanuru kwa chaki pale chini mu kalasi, akaigawanya viraba, karo mia mbili. Anahesabu joto ya kila karo kufuatana na ya karo zenye kuigusa, anatia namba yenye kuonyesha udongo inapitisha joto mbio ao polepole, anafuta, anaandika tena. Magoti ikawa nyeupe kabisa.

"Siku mbili inatosha!"

Adolphine akakuja kuangalia. "Mbona karo zote ziko na namba moja ileile?"

"Si zote ni tofali?"

"Ee Mwalimu! Za inje ni za muchanga. Za katikati nilichanganya pumba ya mupunga, joto inapita kwa shida. Bibi yako na mama-mukwe wako, utabapimia nguo moja?"

Anatole akafuta yote. Kila karo ikapata namba yake.

"Na pale muchanga inagusa pumba?" Adolphine akauliza.

"Najumlisha namba zote mbili, nakata kati na kati."

Adolphine akacheka mpaka akashika ukuta. "Bamama babili banapitishiana tofali, mumoja mbio, mwengine anazubaa. Tofali zinafika kwa mwendo ya nani?"

Anatole akafuta ile namba ya kati. "Karibu na ya ule wa kuzubaa."

"Basi andika!"

Hesabu ikatoka siku ine, Adolphine akawasha moto. Majirani bakaanza: "Mwalimu anamalizia mama wa batu kuni!" Siku ya ine Adolphine akatupa kipande ya mwisho mu moto, hata ya kupika ugali hakubakisha.

Tanuru ikapoa. Bakatoa tofali ya katikati kabisa, bakaitia mu ndoo ya maji tangu asubui: kama ni mbichi, itayeyuka. Anatole akakaa pembeni kama bwana mwenye bibi yake anazaa, anangojea ku mulango ya maternité.

Magaribi Adolphine akaitoa, akaigonga. Ngii!

"Imeiva, Mwalimu. Sasa vua shati. Tofali elfu tatu hazitapanda ukuta zenyewe."