Malori yalikuwa yanaenda Juba yamejaa, yanarudi matupu

Wakuu, popote mlipo, salamu kutoka Kitale.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka sasa. Nasoma, nacheka peke yangu, nafunga simu. Lakini juzi kuna ndugu aliuliza kama asafiri kwenda kazi nje wakati huko anakoenda siasa imechafuka. Nikasoma comments zenu. Wengi mlimwambia aende, ati akikataa mwingine atachukua. Mmoja akasema hata hapa nyumbani watu wanapigwa vitoa machozi, kwa hivyo tofauti ni nini.

Hilo swali nililisikia mwaka jana, sebuleni kwangu.

Nitaeleza yaliyonipata. Majina nimebadilisha kwa sababu ya familia ya watu. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Niko na miaka arobaini na nne, nilisoma mpaka form four nikaachia hapo. Wazazi wangu walitoka Central wakanunua shamba karibu na Moi's Bridge, nikazaliwa katikati ya mahindi. Sasa nakaa Matisi na mke wangu na watoto. Kazi yangu ni fundi wa posho mill, mashine za kusaga unga. Nafunga mashine mpya na kufufua zilizokufa.

Kitu cha kujua kunihusu ni kwamba mimi sikai. Nikimaliza miezi sita mahali pamoja naanza kuota barabara. Nimefunga mashine Mbale, Gulu, Lodwar, lakini mji uliokaa ndani yangu ni Juba, kule Sudan Kusini.

Sijui niwaeleze vipi. Asubuhi unawasha injini, vumbi la unga linapanda kwa jua, akina mama wamepanga foleni na mabeseni, kila mmoja na lugha yake, na wote wanakuita "fundi" kama ndilo jina ulilozaliwa nalo. Mpaka leo, mashine ya jirani ikiwaka hapa Matisi, naacha ninachofanya nasikiliza.

Juba nilikuwa na Simiyu.

Simiyu ni wa Bungoma, upande wa kupanda kwenda Cheptais. Tulikutana tukiwa vijana kwa karakana ya mzee mmoja hapo Moi's Bridge, tukajifunza kazi pamoja. Tulikuwa urefu mmoja, mwili mmoja, hata viatu namba moja. Huko Juba anayeamka kwanza ndiye alikuwa anavaa shati safi, haijalishi ni la nani. Vyombo vya kazi vilikuwa seti moja, yetu sote.

Tulikaa miaka mitano. Halafu risasi zikaanza, tukarudi nyumbani na nguo za mwilini na sanduku la spana. Nikaapa sitarudi. Baada ya mwaka nilikuwa nimeshasahau kiapo, nakumbuka tu foleni ya mabeseni.

Basi mwaka jana tajiri mmoja wa huko, tuliyemfungia mashine zamani, akanipigia. Alitaka mashine tatu, moja mjini na mbili nje ya mji, contract ya miezi minne. Alitaka sisi wawili tu, hakutaka kusikia fundi mwingine. Malipo yalikuwa mazuri, lakini siwezi kuwadanganya kwamba ndiyo yaliyonivuta. Ilikuwa ni ile barabara.

Shida ni kwamba redio nayo ilikuwa inasema wakubwa wa huko wamekosana tena, na wanajeshi wameanza kuhamahama.

Na hapa kwetu pia kulikuwa na moto wake. Wiki ile vijana walikuwa wanaandamana, maduka ya Kitale yanafungwa saa nne asubuhi, macho yanawasha mpaka ndani ya nyumba. Simiyu alikuja kwangu siku moja ya hizo, amejifunga leso puani. Akakaa, akasema, "Kamau, unaogopa Juba na unanusa nini hapa? Tofauti ni nini, bana?"

Nilicheka tu.

Sasa niwaeleze vile watu wa Kitale tunajua kama Juba kuko sawa. Redio hatuiamini sana. Tunaangalia malori. Mahindi ya hapa kwetu Trans-Nzoia yamelisha huko miaka mingi. Malori yakipakia na kuondoka, ujue njia iko wazi na watu wananunua. Yakisimama, ujue kumeharibika, hata kama serikali inasema amani. Nimeona hiyo kanuni ikifanya kazi tangu nikiwa kijana. Hata wakati ule wa risasi, malori yalisimama siku kumi kabla yetu sisi tuliokuwa huko Juba kujua chochote.

Tukakubaliana. Malori yakitoka wiki tatu bila kukatika, tunaenda. Yakisimama, tunamwambia tajiri pole.

Mwezi mzima hayakutoka. Nikaanza kujifariji na kazi za hapa.

Halafu yakaanza. Simiyu alikuwa anafunga mashine karibu na barabara ya Lodwar, ile malori yanapitia kwenda Juba, na kila jioni alikuwa ananipigia na idadi. Leo sita. Leo tisa. "Yanatoka kama siafu," akasema. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatukuwahi kuona mahindi yakienda kaskazini kwa wingi hivyo.

Nikafunga begi.

Mke wangu hakunipinga. Yeye huwa hapingi, anauliza. Aliniuliza swali moja tu akiwa anakunja nguo: "Hassan anasema nini?"

Hassan ni dereva wa hayo malori, tunamjua tangu zamani, nyumba yake iko karibu na msikiti hapa mjini. Nilikuwa nimemwambia hata Simiyu kwamba nitamuuliza. Basi Ijumaa nikamngojea atoke swala. Tukasimama kwa kivuli cha duka, nikamweleza safari yetu. Nikasema malori yanatoka, kwa hivyo nadhani kumetulia.

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Umeona yakienda," akasema. "Umeyaona yakirudi?"

Nikasema ndio, yanarudi.

"Yanarudi na nini?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalijua. Kukiwa na amani lori halirudi bure. Linarudi na simsim, mbao, vyuma chakavu, chochote. Yale yalikuwa yanarudi turubai imelala.

Hassan akanieleza. Mahindi yale hayakuwa ya wafanyabiashara. Mengine ni ya kambi za wanajeshi, mengine ni ya msaada kwa watu waliokimbia vijiji. Yanasindikizwa na bunduki mbele na nyuma. Masoko mengi yamefungwa. "Malori ni mengi kwa sababu kumeharibika," akasema. "Usiende, ndugu yangu. Na kama uko na mwenzako, mwambie."

Nilirudi Matisi kwa miguu. Nilifungua begi nikarudisha nguo kwa kabati.

Sasa ndiyo ile sehemu ya kuruka.

Simiyu alikuja Jumapili mchana kuchukua sanduku la vyombo, tupange siku ya kuondoka. Alikuwa na furaha. Pasipoti ameshaiweka kwa mfuko wa shati, anaigusagusa. Nikamwambia mgongo umenishika, atangulie, nitamfuata baada ya wiki mbili. Akanicheka. "Mgongo au mama wa nyumba? Sema tu, nikuachie leso ujifunge kiunoni."

Tukanywa chai. Akamaliza kikombe, akauliza, "Na Hassan? Ulimpata?"

Nikasema, "Bado. Amesafiri."

Hivyo tu. Maneno mawili.

Nimefikiria sana kwa nini. Mara ya kwanza nilijiambia niliogopa kuitwa mwoga. Hiyo ni kweli lakini si yote. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado naitaka Juba. Nilijua nikimwambia Simiyu aliyosema Hassan, tutamkatalia tajiri, na mlango utafungwa. Lakini Simiyu akitangulia, atanipigia. Akisema kubaya, nitabaki. Akisema Hassan anaongeza chumvi, nitaenda. Kazi itakuwa inaningoja.

Nilimfanya rafiki yangu kuwa lori. Nimtume aende, halafu niangalie anarudi na nini.

Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka barabarani.

Wiki ya kwanza alipiga. Njia ilikuwa na askari wengi, lakini amefika, mashine ya kwanza inazunguka. Aliweka simu karibu na injini nisikie. Wiki ya pili akasema mji umenyamaza sana, foleni hakuna, watu wanasaga kidogo kidogo na kukimbia nyumbani. Akauliza mgongo. Nikasema unaendelea vizuri.

Wiki ya tatu alienda kufunga ile mashine ya nje ya mji. Baada ya hapo simu haikushika tena.

Fundi mmoja wa Uganda tuliyemjua ndiye aliyenipigia. Kijiji kile kilipitiwa na vita siku mbili. Waliotoroka wanasema fundi Mkenya alibaki na mashine kwa sababu hakuwa anajua njia za porini. Baadaye watu waliporudi walikuta mashine imechomwa. Walizika waliowakuta, wote pamoja, hakuna aliyeandika nani ni nani.

Mimi na kaka yake tulizunguka ofisi. Tunajaza fomu, tunaambiwa tungoje. Tajiri naye alikuwa amekimbia. Tulingoja miezi minane.

Familia ikaamua kuzika.

Kwa wasiojua: kwa Wabukusu, kabila la Simiyu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, familia inaweza kuzika mgomba mahali pake, ili aache kutangatanga. Mimi si wa kabila lao, nilikuwa nasikia tu.

Nilifika Bungoma siku moja kabla. Mama yake alikuwa nyuma ya jikoni anachambua maharagwe ya wageni. Nikakaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua pia. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Nilimkataza, unajua. Akaniambia mama usiwe na wasiwasi. Kamau anamuuliza dereva. Dereva akisema ni kubaya, Kamau ataniambia."

Nikaendelea kuchambua. Mikono ilikuwa inatupa maharagwe mazuri.

"Kwa hivyo dereva alisema ni kuzuri," akasema.

Ningeweza kusema ndio. Hakuna mtu angejua. Hassan hamjui yule mama na hatawahi kumjua.

Nikasema, "Hapana, mama. Alisema tusiende. Mimi sikumwambia Simiyu."

Hakulia. Hakunifukuza, na nadhani nilitaka anifukuze. Aliokota yale maharagwe niliyotupa, moja moja, akayarudisha kwa ungo. Akamaliza yote. Ndipo akasema, "Nenda uwasaidie wale kukata mgomba."

Huko shambani alikuwa baba mdogo wa Simiyu na wanaume wawili. Walikuwa wameshauangusha, wanabishana wakate wapi, kwa sababu unatakiwa ulingane na mwenyewe. Mmoja anasema Simiyu alikuwa hapa, mwingine anasema zaidi kidogo. Baba mdogo akaniona nikija. Akaniangalia toka kichwani mpaka kwa viatu.

"Wewe na yeye mlikuwa mnalingana?"

Nikasema ndio.

"Simama hapa."

Wakauinua ule mgomba ukasimama nyuma yangu, wakaniambia ninyooke. Nikahisi baridi yake mgongoni. Panga likapita juu ya nywele zangu likakwaruza alama. Maji ya mgomba yakanidondokea shingoni, yakateremka ndani ya shati.

"Huyo ni yeye sasa," baba mdogo akasema.

Wakakata.

Kesho yake waliuvalisha nguo kabla ya kuulaza kwa sanduku. Suruali yake ya Krismasi, na shati la bluu la mistari. Hilo shati lilikuwa langu. La Juba. Nilimwona mama yake akilifunga vifungo, na nikajua anajua ni la nani.

Nilirusha mchanga kama wengine. Nikarudi Kitale.

Wakuu, mafunzo yangu si mengi. Unayeuliza kama usafiri, usiangalie wanaoenda. Wanaoenda wako na sababu zao. Angalia wanaorudi, na wamebeba nini. Na ile ya kusema hata nyumbani kuna moshi: nyumbani ukianguka kuna mtu anajua jina lako, na anajua njia ya kukubeba.

Lakini si kwa sababu ya huyo ndugu pekee nimeandika. Ni kwa sababu yenu mliomjibu. Kati yenu kuna mtu anajua kuko vipi huko, na amenyamaza, au ameandika "nenda kaka" ili aone itakuwaje. Kama ni wewe, mwambie leo. Acha akuite mwoga.

Tajiri alipata simu mpya, akanitafuta mwezi uliopita. Sikushika. Mashine ya mama Simiyu, ile ndogo ambayo kijana wake alimfungia nyumbani, ilikuwa imeharibika bearing, na hakuniita mimi. Aliita fundi mwingine. Nilienda hata hivyo, nikamkuta huyo fundi ameshindwa. Mama akaniangalia tu, akasogeza kiti. Nikatengeneza. Sasa naenda kila mwezi. Hatuongei sana.

Lile shati nililovaa siku ya kukata mgomba mke wangu amelifua mara nyingi. Madoa ya mgomba hayatoki. Aliniuliza alifanye tambara, nikasema aliache. Ndilo navaa nikienda Bungoma.

Semeni mnachotaka, hata mkinitukana nitasoma. Na yule ndugu wa juzi, kama bado uko nchini, andika hapa chini unaenda wapi. Hassan bado yuko barabarani. Nitamuuliza, na safari hii nitakuambia alichosema.