Siku za Mama Zilipokataa Kuisha

Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Aliponipigia simu Nyeri, kwenye duka ninakouza vitambaa, akasema, "Maitu, Jumamosi uje nyumbani, niko na neno," nilijua si jambo dogo. Mama hana mazoea ya kuita watu.

Nilimkuta shambani kwetu Gakindu akichuma kahawa. Nikajifunga leso kiunoni, nikaanza kuchuma mti uliofuata. Aliongea bila kunitazama.

"Siku zangu haziishi. Damu inakauka vizuri, halafu kunabaki kitu ingine kama chai ya rangi. Wiki nzima. Nikidhani imeisha, inarudi katikati ya mwezi."

"Inanuka? Inakuwasha?"

"Hapana. Uchungu pia hakuna." Akatia kahawa kikapuni. "Lakini yule mama jirani alianza tu hivyo. Na unajua tulimzika."

Mikono yangu ilisimama. Mama hakuwahi kutaja hedhi mbele yangu. Nilipovunja ungo alimtuma shangazi, naye akaniletea pedi zilizofungwa kwenye gazeti, akaniambia nisizoeane na wavulana. Mafundisho yaliishia hapo.

"Kwa nini hukuenda hospitali?"

"Niende niseme nini? Ati natoka uchafu? Mimi, mtu mzima na watoto wakubwa?"

Jumatatu tukaenda kliniki moja mjini Nyeri. Daktari alikuwa kijana, pengine rika la kaka yangu mdogo. Mama alinibana mkono, nikadhani tutageuka turudi nyumbani. Lakini alimuuliza kwa sauti tulivu, "Hakuna mama hapo ndani?" Akaitwa muuguzi wa kike, mama akaingia kwa daktari akiwa naye. Mimi nikabaki kwenye benchi, nikisoma bango moja la chanjo tena na tena bila kuelewa lolote. Nilikuwa nikimfikiria yule jirani.

Waliponiita, mama alikuwa ameketi, amekwisha kuvaa kitambaa chake cha kichwa. Daktari alisema amekuta kinyama kidogo kimeota kwenye mlango wa kizazi, na amekitoa. Kingepelekwa maabara kupimwa, lakini vinyama vya aina hiyo mara nyingi havina ubaya.

"Nilifinywa tu kidogo," mama akasema.

"Mama, ute wa kahawia siku moja au mbili hedhi inapoisha ni damu iliyochelewa kutoka," daktari akamwambia. "Hiyo haina shida. Lakini ikiendelea, au ikija katikati ya mwezi, au ikianza kunuka au kuwasha, usikae nayo nyumbani. Kuja tuangalie."

Tulipotoka tuliingia hoteli iliyo karibu, tukaagiza chai na viazi vya nduma vilivyochemshwa. Mama alimenya kipande chake polepole, kisha akaniuliza, "Na wewe, yako inakuwanga namna gani?"

Nilikaribia kupaliwa na chai. Nikamweleza kwamba katikati ya mwezi hutokwa na ute mwangavu, unaovutika kama ute wa yai. Nilipokuwa shule niliuona nikadhani nimeambukizwa ugonjwa, nikawa najiosha ndani kwa sabuni ya kufulia mpaka nikachubuka.

"Na si ungeniambia!"

"Ningekuambia vipi, mama?"

Akanisogezea sahani ya nduma. "Hiyo ya yai hata mimi nilikuwa nayo," akasema. "Miaka yote hiyo nilifikiri ni mimi peke yangu. Leo huyo sista, yule muuguzi, ndiye ameniambia ati ni siku za kushika mimba. Na sabuni ameniambia isiingie huko ndani, maji tu, tena kwa nje."

Tukacheka mpaka watu wa meza ya pili wakatugeukia.

Majibu ya maabara yalipotoka, hayakuonyesha ugonjwa mbaya. Mama alinipigia simu duka likiwa limejaa wateja, akanisimulia yote kwa sauti ya juu. Wiki iliyofuata alirudi kliniki akiwapeleka wanawake wawili wa kikundi chake cha kanisa wakaangaliwe. Hawakuniomba niwasindikize.