Kompyuta Niliyoibatiza Bila Kuuliza

Nichekeni tu, sitakasirika. Jumamosi nilijiaibisha mbele ya kikundi chetu cha Linux, ile programu huria ya kuendesha kompyuta, hapa Kisangani.

Kwetu, mgeni akileta kompyuta, tunafuta Windows mbele ya watu, tunaweka Linux, tunapiga makofi kama kwenye ubatizo. Mfutaji ni mimi, na cheo hicho nilijipa mwenyewe. Kabla ya kufuta huwa namtania mwenye kompyuta mpaka ukumbi unaanguka kwa kicheko.

Siku hiyo tulisherehekea miaka kumi ya kikundi. Mezani palikuwa na kompyuta mbili nyeusi zilizofanana: ya mgeni, aliyekuwa ametoka nje kupiga simu, na ya Mama Béa, katibu wetu, aliyekuwa uani na masufuria ya pondu, majani ya muhogo. Yake ilitunza picha zetu zote tangu tulipokuwa watu watatu tu. Nikawasha moja, ikaleta Windows. Sikuuliza mtu. Nikamtania mgeni ingawa hakuwepo, nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, makofi yakalia.

Baada ya kula, Mama Béa akasimama atuonyeshe historia yetu ukutani. Akafungua kompyuta yake. Ikaandika: "Karibu, mtumiaji mpya."

"Papa Modeste," akaniuliza polepole, "nani alikuambia hii iko ya mugeni?"

"Iliwaka na Windows, mama."

Ukumbi mzima ukamgeukia katibu wetu: miaka kumi kwenye kikundi cha Linux, na bado alitumia Windows. Akainamisha macho.

"Bon. Nilikuwa nangojea siku utanifundisha bila kunicheka."