Redio Iliyosema Lugha ya Nyumbani

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, nami nina miaka kumi na minne, nilipowasha redio ya marehemu baba na kuamini kila nilichokisikia. Saa hiyo naijua kwa hakika kwa sababu baadaye mwalimu wangu aliniambia niiandike.

Mwanangu, umeniandikia kwamba huko Kamuli ulikopangiwa kufundisha, wanafunzi wanakuja darasani na habari za mtandaoni, nyingine za kweli, nyingine za hatari, na kwamba unafikiria kuzipiga marufuku zote. Kabla hujaamua, nisikilize.

Miaka ile ya themanini mimi na mama tuliishi jirani na Nkwenda, katika kibanja chetu chenye migomba na mibuni arobaini na mitano. Kahawa ndiyo iliyotuvisha na kuninunulia madaftari. Betri zilikuwa adimu. Zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu ya dakika chache, kwa hiyo sikuwasha redio mapema, na nilipowasha nilishika popote sauti iliposikika vizuri. Mara nyingi kilikuwa kituo cha Uganda, ambako wanazungumza lugha inayoelewana na Kinyambo chetu bila mkalimani.

Jioni hiyo nilikuta mtu anaongea taratibu, kama jirani aliyekuja kutusalimia. Alisema mibuni yenye majani ya njano ing'olewe na kuchomwa kabla ugonjwa haujaenea. Kisha betri zikaisha. Mibuni yetu ilikuwa na majani ya njano.

Mama hakujua kusoma. Mambo ya karatasi na redio aliniachia mimi.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Redio imesema, mama. Tena kwa lugha yetu."

"Baba yako aliipanda kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana imezeeka na kuugua."

Asubuhi sikwenda shule. Tulishika majembe. Mzee Sospeter, jirani yetu, alipita njiani akasimama kutuangalia.

"Leo bwana shamba amevaa sketi," alisema.

"Cheka tu, mzee. Yako itafuata."

Alicheka kweli, lakini hakuishia hapo. Alikwenda hadi shuleni kumwambia Mwalimu Deusi kwamba mwanafunzi wake anang'oa kahawa. Mwalimu alifika kwa baiskeli wakati wa mapumziko. Mibuni tisa ilikuwa imelala chini, mizizi juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Adventina, nani amekuambia ung'oe?"

"Redio."

"Redio ni sanduku. Ni nani aliyekuwa anasema?"

Sikumjua.

"Alikuwa anawaambia watu wa wapi?"

Hilo nalo sikulijua. Aliponiuliza yule mtu alianzaje maneno yake, nikasema sikusikia mwanzo, nilikuwa natunza betri. Hakucheka. Alimgeukia mama.

"Mama, naomba jembe lipumzike hadi kesho."

"Na ugonjwa ukienea kabla ya hiyo kesho, mwalimu? Utanilisha wewe?"

"Sijui kama ni ugonjwa, mama. Kwa kuwa sijui, ndiyo maana naomba siku moja tu."

Mama aliweka jembe chini. Mwalimu alikata tawi lenye majani ya njano, akalifunga kwenye gazeti, akalipeleka kwa bwana shamba. Jioni alirudi na betri mpya alizonunua mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chetu, na tukasikiliza tangu mwanzo. Yule mtu alikuwa anaendelea na mazungumzo yaleyale. Safari hii nilimsikia akitaja eneo la kwao, akisema ushauri ule ni kwa wakulima ambao wataalamu walikwisha kagua mashamba yao.

Kesho yake bwana shamba alikuja. Alichimba kidogo, akasugua udongo viganjani, akasema mibuni yetu haina ugonjwa. Ardhi imechoka, tuweke samadi na kutandaza nyasi. Mibuni thelathini na sita ilibaki. Ile tisa tulipanda mingine mahali pake, tukangoja miaka kabla ya kuchuma. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mimi pia nilishika jembe."

Mwalimu hakuniambia niache kusikiliza. Alinipa daftari, akaniagiza niandike saa, kituo, anayesema, anaowaambia, na kile ambacho sikukisikia. Baada ya hapo kila Jumatatu darasa zima lilileta lilichosikia, na mara nyingi alisema, "Hata mimi sijui. Tukaulize." Niliishia darasa la saba. Mengi niliyoyajua baada ya hapo, vitabuni, redioni na sasa kwenye simu, nimeyapitisha kwanza katika maswali yale.

Kwa hiyo, mwanangu, usidhani ukizifungia simu kabatini umemaliza kazi. Watakwenda kuzisoma habari hizo wakiwa peke yao, na hapo ndipo watakapokuhitaji zaidi. Fungua nao habari waliyoileta. Tafuteni nani ameiandika, lini, na kwa ajili ya watu gani. Someni hata sehemu waliyoiruka. Usipojua, sema hujui, halafu nenda nao kuuliza anayejua. Aliyedanganywa usimwaibishe mbele ya wenzake, maana kesho ataamini jambo jingine na atakuficha.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza hadi mwisho, na akupe wanafunzi wasioogopa kukuambia walichoamini.