Niliyoyasema kwa Simu Sebuleni

Kwenye saluni moja hapa Wembley, London, walisema kijana anayetoka na binti yangu anapanga kuiba.

Hiyo ilikuwa 2004. Nikajaribu kuyapuuza yale maneno, wapi! Hata nikipiga deki nayasikia.

Aliyeniletea ni Euphrasie, rafiki yangu Mkongo.

"Mama Shiku, huyo Tony wa Shiku na wenzake wanaikodisha ile filamu ya Waairishi kila wiki. Vijana wanaiba, kila mtu anajikuta amenaswa kwa mambo ya mwenzake, watu wanacheka. Sasa wanasema eti hata wao wanaweza."

"Ni filamu tu, dada."

"Haya. Utaniambia."

Usingizi ukaniruka. Mimi nilikuwa nasafisha duka la sonara, la mzee Surinder. Nikampigia Euphrasie nikiwa sebuleni, binti yangu Shiku amejilaza kwa kochi.

"Namwogopea mzee wangu wa dukani. Kila Alhamisi saa nane mchana anampelekea fundi dhahabu. Anapitia kichochoro cha nyuma, peke yake. Tony asijue kamwe!"

Shiku alikuwa na miaka kumi na tisa, amezaliwa hapa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakukata: "Mum, speak English." Basi mimi nikajua haelewi kitu. Wamama wengi wa huku tunajidanganya hivyo.

Alhamisi vijana wakamsukuma mzee kichochoroni. Nyonga ikavunjika. Na mkoba waliotoroka nao? Wa chakula. Chapati mbili na achari.

Kwa filamu, hapo watu wangecheka.

Nilikimbilia polisi mwenyewe nikamtaja Tony. Nikajiona nimemwokoa mtoto wangu.

Tony hakumaliza hata siku mikononi mwa polisi. Akasema, "Mimi ningejuaje njia ya mzee? Shiku ndiye alipanga."

Nikaenda kumwona Shiku rumande. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nani alikwambia njia ya mzee?

Akajibu kwa Kiswahili, kimenyooka kuliko changu.

"Ni wewe, mama. Kila siku kwa simu."

Mzee Surinder hakutembea tena. Shiku alifungwa, akatoka, na simu zangu hashiki.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kusema mambo ya mdosi wako wa kazini mbele ya watoto.

Kudhani mtoto haelewi kwa sababu hajibu.

Kumtafuta mwizi kwa mtoto wa wenyewe tu.

Kwenda polisi kabla hujamkalisha wako chini.

Na tukipatana Wembley, kuniuliza Shiku yuko wapi.